Pale Palipoandikwa Mwenyewe

Nilipostaafu, wenzangu wa ofisini walinipatia blanketi, saa ya ukutani na kauntabuku mpya, wakasema niandike yale niliyoyajua. Blanketi naitumia. Saa iko ukutani. Kauntabuku ndiyo hii, na nimeianza mara tatu, kwa sababu kila nikiandika kitu najiuliza kama nilikijua kweli ama nilikizoea tu. Masomo yangu yaliishia darasa la nane. Mkikuta kosa, rekebisheni kwa penseli, maana huenda kosa likawa lenu.

Kazi yetu mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya atakayeajiriwa kesho. Familia ina mzee asiyejiweza, ama mtoto mwenye ulemavu, ama mtu mzima aliyeanguka akapooza. Wanakuja kwetu Kaaga, kwa ile ofisi ndogo ya kanisa, wakitaka tuwasaidie kupanga nani atamtunza, wapi, na kwa vifaa gani. Sisi hatutibu. Tunaenda nyumbani, tunaangalia, tunauliza, tunajaza fomu, halafu tunajaribu kupatanisha watu ambao wanasema hawajakosana.

Mimi niliingia kufagia. Mwezi wa pili, msaidizi wa Karimi aliugua, na Karimi, ambaye ndiye alianzisha ofisi, akaniangalia na fagio langu akasema, "Weka hiyo. Vaa gumboti." Alikuwa nesi mstaafu, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Sijui aliona nini kwangu. Nafikiri aliona kwamba nilikuwa karibu.

Siku hiyo ya kwanza tulienda kwa bibi kizee mmoja, shosho aliyevunjika nyonga. Nilitaka kuonekana najua kazi. Tulipoingia tu nikatoa futi ya fundi kwa mfuko, nikaanza kupima kitanda. Shosho alinifuata kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akamuuliza Karimi, "Huyu ni wa jeneza?"

"Hapana, shosho. Ni wa kitanda."

"Basi mwambie akuje tena nikiwa nimelala. Nikiwa macho naona vibaya."

Tulipotoka Karimi hakunikemea. Alisema tu, "Futi hutoka mwisho." Hilo ndilo somo langu la kwanza na nimelitii hadi mwisho wa kazi.

La pili lilihusu chai. Huku kwetu hakuna jambo linalosemwa kabla ya chai, na hilo ni sawa. Lakini Karimi alikuwa ameona kwamba baada ya kikombe cha pili kila mtu anakubali kila kitu, na ukifika barabarani hakuna kilichokubaliwa. "Kikombe cha kwanza ni heshima," aliniambia. "Cha pili ni cha kukunyamazisha. Uliza swali lako katikati." Nimeuliza maswali mengi nikiwa nimeshika kikombe kitupu, kifuniko cha chupa kikiwa tayari kimefunguliwa mbele yangu.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Futi nimeshaitaja. Kauntabuku ya miraba. Simu yenye tochi, ya kuangalia chini ya godoro, kwa sababu godoro husema ukweli upande wa chini. Na hatua za mgonjwa. Mkitaka kujua choo kiko mbali kiasi gani, msihesabu hatua zenu. Mwambie mzee atembee, nawe uhesabu zake. Choo nilichoandika kiko hatua kumi na mbili kilikuwa hatua arobaini na moja kwa mwenye kukiendea, na alipumzika mara mbili.

Kuhusu viti vya magurudumu sitasema mengi. Tulipeleka kimoja kwa boma lenye mteremko ambao hata mbuzi anashuka kwa mpango. Niliporudi kuona maendeleo nilikikuta kimebeba mitungi miwili ya maziwa kuelekea barabarani, na mwenye kupewa amekaa kivulini anakitazama bila wivu. Kwenye ripoti palikuwa na swali, kifaa kinatumika? Nikaandika, kinatumika sana. Haukuwa uongo, lakini pia sikujivunia.

Kesi iliyonifundisha kuandika ilikuwa ya Timau. Mama mmoja alikuwa akifanya kazi kwa shamba la maua, na binti yake, msichana mkubwa asiyeweza kusimama wala kuongea, alikuwa akibaki nyumbani amefungwa kiunoni kwa leso kwenye mguu wa kitanda. Majirani walimshtaki. Mimi niliingia, nikaona, nikaandika, amefungwa. Karimi akasoma akauliza, "Kamba ina urefu gani?" Sikuwa nimeangalia. Akanirudisha. Zilikuwa leso tatu zilizounganishwa, zikifika hasa mlangoni penye jua, na zikiishia mkono mmoja kabla ya jiko. Mama huyo alikuwa amepima vizuri kuliko mimi. Akina mama wa kanisa walipanga zamu ya kukaa na msichana, na leso zikafunguliwa. Lakini neno langu la kwanza lilibaki kwenye faili, kwa wino.

Sasa nifike kwa Mzee Njeru, kwa maana ni yeye aliyenifanya nikatae kuandika hiki kitabu mara mbili.

Karimi alikuwa ameshaondoka kazini. Mzee Njeru alikuwa mkulima wa majani chai kule Kibugu, upande wa Embu, mjane, na alikuwa amepooza upande wa kulia na kupoteza maneno. Binti yake Marigu ndiye aliyemtunza kwa miaka miwili, akimlisha, akimgeuza, akimwosha. Mgongo wake ulikuwa umeisha. Alikaa kwa kiti kama mtu aliyebeba gunia ambalo hakuna mwingine anaona. Kaka yake Nyaga alikuwa karani mjini Embu, na alikuja na viatu vya ofisi kwenye tope la Kibugu bila kulalamika. Nasema hilo kwa sababu baadaye nitasema mengine.

"Si mseme tu ni mimi nimeshindwa," Marigu akasema.

"Hakuna mtu amesema hivyo," Nyaga akasema.

"Ndiyo maana nasema mimi."

Nyaga alikuwa ametafuta nyumba ya wazee upande wa Timau na akapata nafasi. Alitaka tujaze fomu. Nikamtazama Marigu akiinuka kwa kushika meza, nikaona ni sawa. Bado naona hakukuwa na ubaya katika wazo lenyewe. Mtu akizama, humuulizi kwanza kwa nini hakujifunza kuogelea.

Mzee alikuwa kitandani, hatua tatu kutoka kwangu, macho wazi. Nilimsalimia kwa Kiswahili. Hakuonyesha chochote. Nikaangalia Marigu akimwosha uso, shingo na kifua kwa karai na kitambaa, taratibu, kwa adabu kabisa. Mzee alifumba macho. Nikaandika, hutulia akioshwa, hufumba macho. Niliona ni maelezo mazuri.

Kisha mstari wa mwisho wa fomu. Uliandikwa: Mwenyewe amekubali? Ndiyo, La. Yule aliyeutunga, nafikiri mtu wa mbali, alimaanisha yule atakayetunzwa. Lakini huku kwetu mwenyewe ni mwenye mali. Ukikuta ng'ombe barabarani unauliza, mwenyewe ni nani? Hakuna anayefikiri umemuuliza ng'ombe.

"Mwenyewe amekubali?" nikasoma kwa sauti.

"Nimekubali," Nyaga akasema. "Mimi ndiye kifungua mimba. Mzee ni wangu."

Nikatia alama kwenye Ndiyo. Nyaga akaweka sahihi. Marigu akatuletea kikombe cha pili.

Wiki moja baadaye alihamishwa. Nyumba ile ya wazee ilikuwa safi na wahudumu wake walikuwa watu wazuri, na sitaki mtu asome hapa akafikiri vingine. Baridi ya Timau si kama ya Kibugu. Ya Kibugu ina unyevu, ya Timau ina meno, basi walimvalisha sweta mbili na kofia. Walimwosha kila asubuhi kwa maji ya moto, wasichana wawili waliosomea kazi hiyo. Wiki ya tano matroni alinipigia simu.

"Mama Muthomi, mzee wako ameacha kula."

"Ameacha kabisa?"

"Anakunywa vijiko viwili vya uji, anafunga mdomo. Nimebadilisha uji. Nimebadilisha kijiko. Daktari amekuja, hajaona kitu. Amesema akiendelea hivi hatutamaliza mwezi naye."

Nilienda kesho yake. Mzee alikuwa amebaki mifupa na sweta. Nilikaa kando yake nikamuuliza kwa Kiswahili kama chakula ni kibaya. Hakuna. Nikamuuliza kwa Kimeru. Akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka nimeolewa wapi. Wakati huo mpishi aliingia na uji, mwanamke mnene aliyeitwa Wanja, akasimama kutusikiliza.

"Huyu si mtu wa Kibugu?" akauliza.

"Ni wa huko."

"Na mnamsemesha Kiswahili?"

"Hata Kimeru nimejaribu."

"Kimeru," Wanja akasema. "Basi si ungemalizia tu na Kizungu."

Akaweka uji chini, akavuta kiti, akamsemesha Kiembu. Alikuwa amezaliwa huko. Mzee aligeuza kichwa. Mkono wake wa kushoto, ambao wote tulikuwa tumeuona ukilala tu juu ya blanketi, ukainuka kama mtu anayejibu shuleni.

Sikuamini, na nilikuwa na sababu. Karimi alinifundisha kwamba mtu aliyepooza anaweza kuinua mkono kwa kila swali, nawe ukafurahi bure. Lazima umjaribu, halafu uligeuze kila swali chini juu. Nikamwambia Wanja amuulize kama yeye ni Njeru. Mkono ukainuka. Kama yeye ni Ireri. Akafumba macho. Kama tuko Embu. Akafumba macho. Kama tuko Timau. Mkono.

Wanja akanitazama. "Huyu mtu yuko ndani ya nyumba," akasema. "Ni nyinyi mmekuwa mkibisha kwa jirani."

Nilitoka nje nikasimama kando ya shamba la ngano. Macho yakifumbwa ni hapana. Nilijaribu kukumbuka mahali nilikuwa nimeandika hayo.

Niliita familia, wakaja Jumamosi. Nyaga alitoka Embu, akampitia Marigu. Tulikaa kwenye chumba cha wageni, sisi watatu na mzee, na Wanja akiwa na aproni yake katikati yetu kama hakimu. Nikawaeleza kuhusu mkono na macho. Nyaga alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Kwa hivyo sasa mnasema hakukubali."

"Nasema sikumuuliza," nikasema. "Nilikuuliza wewe."

"Uliuliza mwenyewe."

"Ndiyo. Kosa ni langu, si lako."

Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli, si kwa unyenyekevu.

Wanja akaanza. Unataka kukaa hapa? Macho yakafumbwa. Unataka kutoka hapa? Mkono. Marigu akaanza kulia, kwa sababu alijua swali linalofuata, na alijua mgongo wake. Unataka kurudi kwako Kibugu, kwa Marigu?

Mzee akafumba macho.

"Geuza," nikasema. Wanja akageuza. Hutaki kurudi kwa Marigu? Mkono ukainuka.

Fomu haikuwa na kisanduku cha tatu, na kichwa changu pia hakikuwa nacho.

"Hajui anachotaka," Nyaga akasema pole pole. Hakusema kwa dharau. Mimi nilikuwa nikifikiria hivyo hivyo.

Wanja akainama, akaangalia sakafu badala ya kumwangalia mzee, akauliza kitu kwa sauti ya chini sana. Mkono uliinuka kabla hajamaliza, na haukushuka.

"Umemuuliza nini?" nikasema.

"Nimemuuliza kama ni kuoshwa." Bado alikuwa akiangalia sakafu. "Kule kwetu mzee haoshwi na binti yake. Wala na wasichana wa watu. Ni afadhali unuke."

Marigu aliacha kulia. "Alikuwa anafumba macho," akasema. "Kila siku. Miaka miwili. Nilikuwa namwambia, baba, lala tu, nitamaliza."

Nilikuwa na faili magotini. Sikuhitaji kuifungua, lakini niliifungua. Hutulia akioshwa, hufumba macho. Mwandiko wangu ni mzuri, watu wengi wameniambia. Na ile ya kutokula sasa ilikuwa na maana ambayo haikuhitaji daktari. Asiyekula hahitaji kusafishwa sana.

Nikawaza mila hiyo naijua tangu nikiwa mtoto. Babangu mwenyewe aliugua, na ni kaka zangu walioingia na maji, sisi tukakaa jikoni. Nilipovaa beji ya ofisi nikaiacha mila hiyo nje pamoja na gumboti.

"Muulize nani basi amwoshe," nikamwambia Wanja.

"Hilo si la ndiyo na hapana."

"Muulize tu."

Akauliza. Mkono wa mzee ulienda upande mmoja, ukatetemeka, ukarudi, ukapita kwangu, ukapita kwa Marigu, ukasimama. Ulikuwa umesimama mbele ya Nyaga.

"Mimi?" Nyaga akasema.

Mkono haukusogea.

"Mimi sijawahi kumwona baba bila shati."

"Na mimi nilikuwa nimemwona, kifungua mimba?" Marigu akasema. "Si ulisema ni wako?"

Nyaga alitazama viatu vyake. Nilidhani angesema kuhusu kazi, na angekuwa na haki, maana kazi alikuwa nayo. Alisema kuhusu nyumba, kwamba anakaa ghorofa ya pili, na kwamba ngazi ni nyembamba. Nikasema hilo tunaweza kulipima. Akasema mkewe ni mwalimu, hayuko nyumbani mchana. Nikasema tutamuuliza. Kisha akautazama mkono wa baba yake, ukiwa bado umesimama pale, ukichoka.

"Hayo maji," akasema mwishoni. "Huwa ya moto kiasi gani?"

"Weka kiwiko," Marigu akasema. "Si kidole. Kidole kinadanganya."

Mkewe nilimtembelea Embu siku ya pili yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, tangu mzee aanguke, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kitu." Masharti yake yalikuwa mawili: Nyaga amwoshe mwenyewe asubuhi kabla ya kazi, na mchana apatikane mwanamume wa kukaa naye. Nikayaandika kama alivyoyasema. Nyumba ya chini kwenye ploti ile ile ilikuwa ibaki wazi baada ya wiki tatu. Kwa hizo wiki tatu matroni alimfundisha mlinzi wao wa mchana, mtu mzima mwenye wajukuu, kumwosha mzee, na Jumamosi Nyaga alikuja kujifunza. Siku ya kwanza Nyaga alitoka ndani amelowa hadi kifuani. Wanja akamuuliza nani alikuwa anaosha nani. Mzee alikula uji wote na akaonyesha kwa mkono kwamba kuna mwingine kwenye sufuria.

Niliporudi ofisini nilisema kosa langu kwenye mkutano, mbele ya wote. Mstari ule ukabadilishwa. Sasa unaandika jina la atakayetunzwa, halafu unaandika amejibu nini, kwa lugha gani, na kwa njia gani. Nafasi mliyoachiwa ni ndogo. Andikeni nyuma ya karatasi.

Lakini kabati lilikuwa na fomu za zamani, na nilizisoma kwa siku kadhaa. Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, kwa mwandiko wangu mzuri, na chini yake sahihi za watoto wa kwanza, wakwe, na kaka wakubwa. Baadhi ya waliotunzwa walifurahia walikopelekwa, hilo nalijua kwa macho yangu. Wengine sijui. Wengi wamefariki, na siwezi kuwauliza kwa lugha yoyote. Nilijaribu kujiambia kwamba kila mtu aliongozwa na nia njema. Hiyo ni kweli, lakini halikuwa swali la fomu.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipita Embu. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Marigu alikuwepo, amekaa wima kwa kiti chenye mto, akila mukimo ambao hakuupika yeye. Mzee alikuwa mlangoni juani, amenyolewa, shati limefungwa vifungo vyote, kimoja kikiwa kwenye tundu la mwenzake. Nikamsalimia kwa Kiembu changu kidogo, ambacho Wanja alisema kinafaa kwa dharura tu. Kisha nikamuuliza analalaje siku hizi.

"Analala vizu..." Nyaga akaanza kutoka ndani.

Akaja akachuchumaa kando ya baba yake, mikono bado ina sabuni ya vyombo, akamwangalia. Sote tulingoja. Mkono wa mzee huwa hauna haraka.